Vyuma Viwili Nyuma ya Skai

Asubuhi ile niliondoka Ruashi, pembeni mwa Lubumbashi, bila mpango wowote. Niliamka, nikanawa uso, nikakunja blanketi, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake. Hakushangaa. Nilikuwa nimekaa kwake miezi minne na alishajua mimi ni mtu wa namna gani. Ndani ya mfuko wangu mlikuwa na mashati mawili, bisibisi, koleo, daftari na kalamu iliyotafunwa. Nikafuata barabara ya kwenda mjini, upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa na kivuli.

Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo nimefanya kazi katika garaji mbili, nimetengeneza redio, nimepakia magunia mpakani Kasumbalesa, nimeosha magari yaliyofika kutoka Dar es Salaam na vumbi la nchi tatu. Kila mahali niliondoka siku nilipoona sina tena swali la kuuliza.

Mjini, mbele ya depo moja ya mchele na maharagwe, nilikuta gari la kijivu la familia limefunguliwa milango yote. Kando yake mume na mke walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini. Mume ndiye mwenye depo, mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini. Mke ni mzaliwa wa hapa hapa, mjukuu wa mtu wa reli, na mgongoni alikuwa amembeba binti yao wa mwaka mmoja na miezi. Chini, juu ya katoni, kulikuwa na kiti cha mtoto cha kuweka ndani ya gari, kipya, cheusi. Na kando ya hicho kiti fundi wa kuchomelea alikuwa amechuchumaa, anakata nondo vipande viwili.

Nikasimama. Nikiona kitu nisichokijua, miguu yangu haipiti.

"Hii ni nini?" nilimuuliza fundi.

"Kiti ya mutoto, ya mu motokari. Inatoka Ubelgiji, ndugu ya huyu mama njo alituma. Angalia, iko na meno huku nyuma, lakini mu motokari hamuna kitu ya kuuma. Bon, minasudé fimbo mbili, meno inauma pale. Dakika makumi mbili tu."

Nilikiinua. Chini yake kulikuwa na mikono miwili ya chuma yenye makucha. Ukiisukuma juu ya fimbo, makucha yanajifunga, na kijidirisha kidogo kinageuka kutoka nyekundu kuwa kijani. Nilitafuta mahali pa kupitishia mkanda wa gari. Hapakuwa na mahali. Kiti hicho kiliundwa kishikwe na makucha peke yake, pamoja na utepe mmoja unaopita juu ya mgongo wa kiti cha gari na kunaswa nyuma yake.

Mama wa mtoto aliona jinsi nilivyokigeuza, akanisemesha kana kwamba ameshachoka kumsemesha mume wake.

"Siku ya posho tunaenda Kolwezi. Kambo wangu hajamushika huyu mutoto hata siku moja. Macho yake inaanza kukufa, anasema anataka kumuona mbele haijakuwa giza. Lakini ile mara ingine, mbele ya Likasi, papa yake alipiga freni na mutoto alinitoka mu mikono. Angalia." Akamgeuza mtoto. Juu ya nyusi palikuwa na kovu jembamba. "Miye sipande tena na mutoto ku magoti. Kiti ishike, ao tunabaki."

"Na kambo?" aliuliza mume.

Mke alimkaza mtoto mgongoni. Hapo nikaelewa ugomvi wao. Kambo, yaani nyanya anayepoteza macho, yuko upande mmoja wa barabara, mtoto mwenye kovu yuko upande wa pili, na katikati kuna kiti kisicho na pa kushika. Ilikuwa Jumatano, na siku ya posho ni Jumamosi.

Fundi wa kuchomelea alikuwa ameshawasha mashine yake. Ndipo nilipoona anapoelekeza fimbo.

"Ngoja kwanza," nilisema. "Ulishatoa tanki?"

"Tanki ya nini?"

"Ya esanse. Mu hii motokari tanki iko chini ya kiti ya nyuma, hapo penye unataka kutia moto."

Fundi aliposikia habari ya petroli alizima mashine polepole sana. Akajifuta uso. "Vieux, leo bangefanya kilio yangu. Na maiti haingekuwa, mungezika koleo yangu."

Mwenye depo hakucheka. "Na weye, uko nani? Uko fundi ao uko mupita njia?"

"Mupita njia, papa. Lakini hata bila moto, hii bati iko nyepesi. Ukisudé fimbo ku bati, siku ya freni fimbo inatoka na bati yake."

"Sasa unataka nini?"

Sikuwa nimejiuliza ninataka nini. Nilisema, "Munipe mpaka kesho magharibi. Minataka kujua benye kuunda motokari balikuwa banafikiri nini."

Mume alitaka kunifukuza, niliona. Mke ndiye aliyesema, "Tumupe."

Nikang'oa benchi ya kiti cha nyuma palepale, mbele ya depo. Gari lilikuwa limevalishwa. Watu wa Lubumbashi mnajua, gari likifika kutoka Japani halionyeshwi kwa ndugu likiwa na viti vya kitambaa. Linapelekwa kwanza kwa fundi wa viti, linavalishwa skai mpya, ile ngozi ya bandia, yenye sponji ya ziada, mshono mara mbili, na ukiweza rangi mbili. Ni heshima, na pia vumbi la migodi halipendi kutoka kwenye kitambaa. Hili lilikuwa limevalishwa skai ya rangi ya kahawa na mistari ya maziwa. Kazi ya mtu anayejua.

Chini ya sponji, pale ambapo mgongo wa kiti hukutana na kikalio, kwenye chuma kinene cha mwili wa gari, nilikuta matundu manne yenye nyuzi za skrubu. Mawili upande mmoja, mawili upande wa pili. Ndani ya matundu rangi ilikuwa imekwaruzwa. Kitu kiliwahi kufungwa pale, na mtu alikifungua.

Niliandika katika daftari: matundu manne, shibiri moja na vidole viwili kati ya jozi na jozi. Halafu nikafungua kijitabu kilichokuja na kiti. Kilikuwa na lugha nyingi ambazo sizijui, lakini picha hazina lugha. Nilizisoma kama nilivyokuwa nasoma ramani za redio, kwa kidole, nikirudi nyuma kila niliposhindwa. Makucha katika picha yalikuwa yanauma fimbo mbili nyembamba zilizojificha ndani ya ufa wa kiti, na umbali kati yake ulikuwa ule ule wa matundu yangu.

Sasa nilitaka kuona gari lingine la aina ile ambalo halijavalishwa. Nikafikiria watu wa Kasapa, wanaofundisha chuo kikuu. Wengi wao hawana haraka ya skai, wanapenda vitabu. Nikapanda teksi ya watu wengi mpaka kampasi, nikatembea nikiangalia magari yaliyoegeshwa kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye zizi la wengine. Mwishoni nikalipata, aina ile ile, rangi nyingine, na dereva analiosha milango ikiwa wazi.

"Yaya," nilimwambia, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa, "naomba nitie mukono mu kiti ya nyuma."

Akaniangalia mimi, kisha mkono wangu. "Mukono inatafuta nini mule?"

"Chuma."

"Motokari muzima ni chuma! Chukua basi na milango." Lakini alikuwa amecheka, na mtu akishacheka hawezi kukataa vizuri. "Tia. Ukikuta telefone yangu, inapotea toka Noël."

Viti vilikuwa vya kitambaa cha kijivu, vya kiwandani. Niliingiza vidole ndani ya ufa. Nilikuta karanga, kalamu, na halafu chuma baridi, laini, cha mviringo. Shibiri na vidole viwili pembeni, chuma cha pili. Nililala chali ndani ya gari la mtu nisiyemjua, miguu ikiwa nje, nikamulika na simu. Fimbo mbili zimepindwa kama mpini wa ndoo, zimeshikwa kwa bulo nne, bolti nene zenye vichwa vya pembe sita. Juu ya vichwa vya bulo kulikuwa na namba imepigwa.

Kwa hiyo nchi iliyounda gari ilikuwa imeshamfikiria mtoto. Ni hapa kwetu ndipo mtu alimtoa.

"Umeipata telefone?" aliuliza dereva.

"Minapata kalamu."

"Ni ya professeur. Rudisha."

Kesho yake asubuhi mwenye depo alinipeleka kwa aliyelivalisha gari lake. Hakuniamini bado, lakini matundu manne yalikuwa yamemsumbua usiku, alisema. Mke na mtoto walikuja pia, na kiti. Fundi wa viti alikuwa Ruashi, kama hatua mia mbili kutoka nyumba niliyoiacha. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake kila siku kwa miezi minne bila kuingia, na hilo liliniuma kidogo. Ni mzee mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nailoni, uzi ule ule wa kushonea viti.

Nilimweleza ninachotafuta. Alijibu bila kusimamisha mashine ya kushona.

"Bile byuma? Njo bya bateau."

"Bya bateau, bya meli? Namna gani, papa?"

"Bajapani banafungaka motokari mu bateau na bile byuma. Banapitisha kamba, juu bahari isiitupe. Sasa motokari ikishafika huku, bahari iko wapi? Hapa Ruashi ulionaka bahari?" Akasimamisha mashine ili tucheke. "Miye minatoaka. Binatobolaka skai yangu. Muteja anakaa mwaka moja, skai inapasuka pale pale, anasema fundi ni mubaya."

Nitasema ukweli, hoja yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba karibu nikubali. Mtu ambaye hajaona bahari amekaa na vyuma mkononi, akajiuliza vina kazi gani, akapata jibu lenye meli na kamba ndani yake. Mimi mwenyewe ningeweza kulipata.

"Na unabitupaka?"

"Kutupa? Chuma muzuri vile?" Akanyoosha mguu chini ya meza na kusukuma kopo la rangi la lita ishirini. Lilikuwa limejaa. Fimbo zilizopindwa, jozi kwa jozi, nyingine zimeshaanza kutu.

Mama wa mtoto akainama kuliangalia kopo. Mimi nikachagua fimbo moja, nikashika kiti cha mtoto, nikasukuma kucha lake juu ya fimbo mbele ya macho ya mzee. Tak. Kijidirisha kikawa kijani. Nikampa mzee avute.

Alivuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, akiwa amesimama. Akaangalia makucha kwa juu na kwa chini. Kisha akaketi, akaangalia kopo.

"Ile nyeupe ya infirmier wa hospitali," alisema taratibu, "ya skai nyekundu. Iko na batoto batatu. Ile ya mwalimu, nyeusi na mistari." Magari alikuwa anayakumbuka kwa skai zake. Alitaja matano, sita, akaacha.

"Hukujua, papa," nilisema.

"Sikujua," alisema. "Lakini sikuuliza pia." Halafu akamgeukia mwenye depo kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. "Leta motokari ndani! Unangojea nini?"

Fimbo za gari lile tulizipata kwa kupima. Jozi tatu zilikataa matundu, ya nne ikakaa. Lakini bulo hazikuwemo kwenye kopo. Nilimwambia mzee kwamba bulo za dukani sizitaki, nataka zile zenye namba kichwani, namba ya ugumu wa chuma. Akakohoa. Akaangalia mashine yake ya kushona. Nikainama: mashine ilikuwa imefungwa kwenye meza kwa bulo nne nene zenye namba.

"Itacheza!" alilalamika. "Ukitoa ile, mashine itacheza rumba."

"Nitakutafutia zingine."

"Zile za dukani, zenye unakatalia mutoto?"

"Mashine haiendi Kolwezi, papa."

Mwenye depo akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Mzee akazifungua mwenyewe.

Nilisafisha nyuzi za matundu kwa mswaki na esanse kidogo, nikaingiza kila bulo kwa vidole vitupu mpaka mwisho. Hiyo ndiyo dalili: bulo iliyo nyumbani kwake haihitaji kulazimishwa. Halafu nikaenda kuazima katika garaji ya malori ufunguo wenye kipimo, ule unaolia ukifikisha nguvu uliyoupangia. Fundi wa garaji ile hakutaka kuutoa nje. Ikabidi aje nao mwenyewe, na akakaa kutuangalia. Nguvu tuliyotumia ni ile ya kufungia mikanda ya gari lenyewe. Ufunguo ulilia mara nne.

Sehemu ya tatu, ya utepe wa juu, ilitusumbua. Niliangalia picha, nikaingia kwenye buti, nikapapasa zulia. Mzee alikuwa amelibandika kwa gundi. Aliposikia nalibandua, alifumba macho. Chini yake kulikuwa na kifuniko kidogo cha plastiki, na chini ya kifuniko, pete ya chuma, mpya kabisa, haijawahi kuguswa na mtu tangu kiwandani. Nilipiga kelele kama mtoto. Wote wakaja kuchungulia buti.

Ilibaki skai. Ili makucha yafike kwenye fimbo, ilibidi kukata matundu mawili katika ile kazi nzuri ya kahawa na maziwa. Nilimpa mzee kisu kwa sababu sikuthubutu mimi. Alipitisha kidole juu ya mshono wake. Kisha akakata, mistari miwili mifupi, na hakuishia hapo: alikunja kingo, akazishona kwa mkono na uzi wa rangi ya maziwa, akaziwekea ulimi mdogo wa skai unaofunika tundu likiwa halitumiki. Ilimchukua mchana wote. Alipomaliza, matundu yalionekana kama yalipangwa tangu mwanzo.

"Hata Bajapani habafanyi hii," alisema. Ni kweli, hawafanyi.

Nikasukuma kiti. Tak, tak. Kijani, kijani. Nikafunga utepe wa juu na kuukaza. Mwenye depo, mtu mkubwa, anayenyanyua magunia, alikishika kiti kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye kizingiti cha mlango, akavuta kwa nguvu zake zote. Kiti hakikusogea. Gari zima liliyumba. Alivuta mara ya pili na gari likayumba tena, na nikawaona mzee na fundi wa garaji wakitikisa vichwa pamoja nalo.

Sijui kama watu waliosoma wanajisikia hivyo wakipewa karatasi zao. Kama wanajisikia hivyo, ninafurahi kwa ajili yao.

Mama wa mtoto hakuvuta. Alimketisha binti yake, akafunga mikanda midogo ya mabegani, akakaza mpaka vidole viwili tu vikapita. Halafu akanitazama.

"Nani anafunga, njo anapanda. Siku ya posho utakaa hapa, pembeni ya kiti. Ikitoka, utaishika na mikono yako."

"Mama, siko na kazi Kolwezi."

"Na hapa uko nayo?"

Wote wakacheka, na mimi pia. Kolwezi nilikuwa sijawahi kufika.

Tuliondoka siku ya posho jua likiwa limeshapanda, baba usukani, mama kando yake akigeuka nyuma kila dakika, mimi nyuma na mtoto. Miguuni pangu kulikuwa na kikapu cha samaki kavu, termosi ya chai na maboga mawili ya kambo. Kila baada ya muda niliingiza kidole kwenye tundu la skai, nikagusa fimbo. Mtoto alinitazama nikifanya hivyo, kisha naye akaingiza kidole kwenye sikio langu.

Ilitokea baada ya Likasi. Baiskeli iliyobeba magunia matatu ya makaa, yamefungwa moja juu ya lingine, iliyumba mbele yetu na kuanguka katikati ya barabara. Baba alipiga freni kwa mguu wote. Boga likaruka likapasuka kwenye kiti cha mbele, termosi ikaenda chini ya pedali, mimi mwenyewe nikagonga kichwa, kwa sababu mjinga mimi nilikuwa nimefungua mkanda wangu ili niangalie vizuri. Mama akapiga kelele bila neno.

Kiti hakikwenda popote. Mtoto alikuwa mahali pake, mikanda imemkumbatia, macho wazi. Aliangalia boga, akaniangalia mimi, akanyoosha mkono akitaka kipande.

Mwenye baiskeli aliinuka, akajipangusa, akaanza kuokota makaa, na baba akashuka kumsaidia. Mama alikuja nyuma. Alimpapasa mtoto kichwa, shingo, mbavu, miguu. Halafu akapapasa kiti, pande zote, mpaka akafika kwenye mshono wa mzee, na hapo ndipo alipolia. Alipomaliza kulia aliniona uvimbe kwenye paji la uso.

"Mutu muzima!" alisema. "Unafunga mutoto, weye unajiacha kama muzigo! Funga mukanda, kizengi, mujinga hii."

Nilifunga.

Tulifika Kolwezi saa nane mchana. Kambo alikuwa ameketi mlangoni juu ya kiti cha plastiki, amevaa kitenge cha sikukuu, rozari mkononi. Alimpokea mtoto magotini, akamleta karibu sana na uso wake, pua kwa pua, akakaa hivyo. Vidole vyake vilipita juu ya uso wa mtoto na kusimama kwenye kovu. "Na hii?" aliuliza. "Hiyo ni ya zamani, kambo," mama alijibu. "Ya leo haiko."

Niliulizia chumba. Jirani wa kambo, mjane anayefuga bata, alikuwa na kimoja nyuma ya nyumba, mpangaji wake amehamia karibu na mgodi. Kitanda cha mbao, msumari wa kutundikia shati, dirisha linaloangalia uwanja.

"Utakaa siku ngapi?" aliuliza.

"Sijui bado, mama."

"Bata zangu zinapiga kelele asubuhi."

"Haina neno."

Aliniachia ufunguo. Nilivua viatu, nikaketi kitandani, nikasikia sauti nje, nikaenda dirishani. Wanaume watano au sita wa mtaa ule walikuwa wamekusanyika kwenye mlango wa nyuma wa gari la kijivu. Mwenye depo alikuwa katikati yao, amepiga magoti, mkono wake umeingia ndani ya kiti mpaka kwenye kiwiko. "Tia kidole hapa," alikuwa anamwambia mmoja wao. "Hapana, ndani zaidi. Unasikia chuma? Banasema ni ya bateau. Bongo, banadanganya!" Yule mtu akaingiza mkono, akakunja uso, halafu uso ukafunguka. Akakimbia kwenda kuangalia gari lake mwenyewe.

Mwenye depo alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilibaki dirishani, bila viatu, nikamsikiliza mpaka akafika kwenye bulo na kuwaambia za dukani wazikatae.